Sauti Nyuma ya Gitaa

Tipton, 4 Machi 2018

Mpwa wangu Kerryn,

Kwa miaka hamsini nimeificha sauti ya mama yako.

Najua barua haianzwi hivyo. Marehemu babu yako angenirudishia karatasi na kuniambia nianze kama mtu aliyelelewa. Basi naanza tena. Hamjambo huko Whyalla? Redioni wanasema joto limeng'ang'ania kusini mwa Australia kama mgeni asiye na haya. Huku kwetu theluji imeanguka mwezi wa Machi. Mfereji nyuma ya nyumba umeganda, na bata wanatembea juu ya maji wakijiona Petro. Jirani yangu, Bi Kaur, ananiletea dengu kila siku ya pili na kunigombeza nisipomaliza. Mapafu ndiyo yamechoka. Nina mashine ya kuvutia hewa, inanguruma kitini pangu kama mbwa mzee, na ndiyo sababu sipokei simu zako. Nikisema maneno matatu nakata pumzi. Kwenye karatasi bado napumua.

Daktari aliniuliza majuzi kama kuna mambo ningependa kuyaweka sawa. Nimefundisha Historia maisha yangu yote, na swali la namna hiyo naelewa linatoka wapi na linakwenda wapi.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kwamba ujanani nilipiga gitaa katika bendi iliyoitwa Tanuru Baridi. Tulipiga bluzi, tena kwa kelele. Enzi zile kila bendi ya bluzi ilitaka muziki wake usikike kama ndoto ya mtu mwenye homa, na sisi hatukubaki nyuma. Tulitoa santuri moja mwaka 1968, kisha ya pili ambayo hakuna aliyeinunua, kisha tukaachana. Ile ya kwanza imedumu. Watu wanaitafuta mpaka Japani. Kampuni inataka kuitoa upya mwaka huu, na imeniomba niandike kurasa mbili za kueleza tulivyoirekodi. Nimekaa na kalamu wiki nzima. Kila ukweli wa santuri ile unapitia kwa Noreen, nami siwezi kumpita mlangoni nikajifanya simwoni.

Mama yako aliimba wimbo mmoja kwenye santuri ile. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, "Maji ya Mfereji". Anaamini kwamba kampuni ilimsikiliza ikamkataa, ikasema sauti yake inafaa baa za mtaani lakini haifai santuri. Ndivyo alivyoambiwa, na aliyemwambia ni mimi.

Kampuni haikumkataa kamwe. Tafadhali msomee hivyo, neno kwa neno.

Mjomba wako,
Clifford Tromans


Whyalla, 29 Machi 2018

Mjomba Cliff,

Barua yako imefika na mhuri wake umelowa, sijui ni theluji au dengu za Bi Kaur. Mpe salamu zetu, mwambie aendelee kukugombeza. Huku wote wazima. Brodie wangu amevunja kidole gumba kwenye mpira na anatembea nacho kama medali. Vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye siagi. Mama ana miaka sabini na bado anapanda ngazi kuzibua mifereji ya paa. Ukimwambia ashuke, anakuuliza kama unapanda wewe.

Nilimsomea jikoni akimenya viazi. Nilipofika pale pa "kampuni haikumkataa kamwe", kisu kikasimama.

"Rudia."

Nikarudia.

"Basi nani alinikataa?"

"Hajasema, Mama."

"Ahaa. Ni Cliff yule yule. Anakupa bahasha, barua anabaki nayo."

Akaendelea kumenya mpaka kiazi kikabaki kama karanga. Kisha akasema ana nguo za kuanika. Mjomba, hakukuwa na nguo za kuanika. Nilimwona dirishani amesimama chini ya kamba tupu, anavibinyabinya vibanio vya nguo.

Sasa nikwambie mimi, kwa sababu yeye hatakwambia. Nimelelewa na mama asiyeimba. Kanisani midomo yake inacheza na sauti haitoki. Kwenye sherehe za kuzaliwa anapiga makofi tu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ugonjwa, nikamuuliza baba. Alinivuta pembeni, akaniambia, "Mama yako aliambiwa na wakubwa huko Uingereza kwamba sauti yake haifai. Hapo usimguse, mwanangu." Baba amekufa akiamini hivyo. Hakuwahi kumsikia mkewe akiimba hata wimbo wa kumlaza mtoto, na mtoto mwenyewe nilikuwa mimi.

Kwa hiyo sikuulizi kwa udadisi. Kama kampuni haikumkataa, ile sauti ilikwenda wapi?

Kerryn


Tipton, 27 Aprili 2018

Mpwa wangu Kerryn,

Samahani kwa kuchelewa. Homa ya mapafu ilinilaza hospitalini, nikarudi nyumbani mwepesi kama koti lililotundikwa. Bata wamerudi majini na wanajifanya hawajawahi kutembea. Hongera kwa Brodie na kidole chake. Mwambie kitukuu wa mfua minyororo kama babu yako havunjiki kirahisi.

Umeuliza swali la haki, na nitakujibu kama nilivyowajibu wanafunzi wangu, kwa mpangilio.

Tulirekodi Birmingham, katika studio ndogo iliyokuwa zamani ghala la vifungo vya nguo. Ulikuwa unatembea na vifungo vinachungulia kati ya mbao za sakafu. Fundi mitambo alikuwa mmoja tu, Bwana Hodgetts, mtu wa suti na tai, Mmethodisti kama babu yako. Hakuwa na msaidizi, kwa hiyo mimi niliyekuwa mwepesi wa kushika mambo nilimsaidia kubonyeza vitufe.

Tepu ya siku zile ilikuwa na upana wa kidole gumba, na ndani yake kulikuwa na njia nne zinazokwenda sambamba, kama barabara ya magari manne. Kwenye kila njia unaweka sauti yake. Wimbo wa mama yako tuliurekodi Alhamisi. Njia ya kwanza ilikuwa sauti ya Noreen. Ya pili dramu na besi. Ya tatu gitaa langu. Ya nne tuliiacha tupu, kwa mapambo.

Alikuja moja kwa moja kutoka kiwanda cha nati, bado amevaa ovaroli na kitambaa kichwani. Horace Foley, mpiga dramu wetu, alikuwa mnene na mwenye mdomo. Akamwambia, "Bibie, umekuja kuimba au kutengeneza bomba?"

"Nimekuja kuwafundisha kazi," Noreen akamjibu. "Bomba nitalishughulikia nikiwa natoka."

Aliimba mara moja. Moja tu, Kerryn, sote tukipiga chumba kimoja naye. Alipomaliza, Horace aliweka fimbo zake chini. "Mimi sirudii," akasema. "Nikirudia nitaharibu." Nyuma ya kioo Bwana Hodgetts alivua miwani akaifuta, akasema kwenye spika, "Hiyo imeingia."

Kesho yake, Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, nilitaka kuongeza gitaa la kinyume. Ulikuwa wazimu wa wakati ule. Unaigeuza tepu, unaisikiliza ikienda kinyume huku unapiga gitaa juu yake, kisha unaigeuza tena. Wimbo unarudi sawasawa, lakini gitaa linasikika kama mtu anayemeza maneno yake mwenyewe. Lakini tepu ikigeuzwa, njia zake nazo zinageuka. Iliyokuwa ya kwanza inakaa mahali pa nne. Nami nilibonyeza kitufe cha njia ya nne, nikidhani ndiyo ile tupu. Mashine zile zikirekodi zinafuta kilichokuwepo. Nilipoirudisha tepu upande wake, gitaa langu lilikuwepo na Noreen hakuwepo.

Hilo ndilo kosa. Ni kosa la kijinga, limewapata mafundi wengi kuliko mimi. Niliona aibu, na kwa aibu ile nikasema uongo. Jioni alipokuja kusikiliza nilimwambia mtu wa kampuni amepita, amesikia, amekataa. Wenzangu niliwaambia tepu imeharibika na Noreen hataki kurudia. Kisha nikaimba wimbo wake mwenyewe kwenye njia iliyobaki, na ndivyo unavyosikika hadi leo.

Hakufutika wote. Kwa kuwa aliimba karibu na dramu, mikrofoni za dramu zilimnasa kwa mbali. Ukivaa hedifoni utamsikia nyuma ya gitaa, kama mtu aliye chumba cha pili. Mashabiki wanamwita mzimu. Wengine wanasema ndiye kitu kizuri kuliko vyote kwenye santuri nzima. Mwandishi wa gazeti moja aliwahi kuniuliza niliufanyaje ule mzimu. Nilimjibu kwamba ni siri ya jikoni. Nilitabasamu nilipomjibu.

Mwambie mama yako sauti yake haikukataliwa na mtu. Ilipotea kwa bahati mbaya, na kaka yake akakosa ujasiri. Kama anaweza, anisamehe.

Mjomba wako,
Clifford


Whyalla, 25 Mei 2018

Mjomba Cliff,

Tumefurahi kwamba umetoka hospitalini. Mama amesema, "Mwepesi kama koti? Hakuwahi kuwa mzito huyo." Hiyo ni salamu yake, ichukue hivyo hivyo. Baridi imeingia huku, na chini ya bahari ngisi wakubwa wamekuja kuoana kama kila mwaka, mji mzima umejaa wapiga mbizi wenye midomo ya bluu.

Barua yako niliisoma yote, bila kuruka. Mama alikaa, hakumenya kitu. Nilipomaliza akasema, "Nitafutie huo wimbo."

Mjomba, hajawahi kuusikia. Miaka yote hiyo. Brodie aliutafuta kwenye simu yake, akamvalisha bibi yake hedifoni kubwa zile zinazomfanya afanane na rubani. Nikakaa mbele yake.

Mwanzoni alikunja uso. "Huyu anaimba kama aliyebanwa na mlango."

"Ni Mjomba, Mama."

"Najua ni nani."

Gitaa lilipoingia aliinua mkono ili Brodie asimsemeshe, akafumba macho, akakishikilia kile kidude cha sikioni kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito. Wimbo ukaisha. Akaomba urudiwe. Baada ya mara ya tatu alivua hedifoni, akazikunja vizuri, akamrudishia Brodie.

"Nilikuwa nimepatia," akasema.

Hilo tu. Akaenda kulala saa moja kabla ya habari.

Nilidhani imekwisha. Nilijiandaa kukuandikia kwamba amekusamehe. Asubuhi nikamkuta ameshakunywa chai, amekaa kama hakimu.

"Mwambie Cliff kosa ni kitu chepesi, kosa nalisamehe leo leo. Lakini mwulize Jumatatu ya wiki ile alimwambia nini baba mezani."

Nikamuuliza ni nini hicho. Ndipo akanisimulia, na nakuandikia kama alivyosema ili usiseme nimeongeza.

Kwamba Jumatatu, siku ya kwanza ya kurekodi, Bwana Hodgetts aliwakusanya ninyi wote mbele ya mashine, kwa sababu aliwajua vijana na wazimu wao wa kinyume. Akawafundisha kwa mstari wa Injili, ili usisahaulike: tepu ikigeuzwa, wa kwanza atakuwa wa mwisho, na wa mwisho atakuwa wa kwanza. Kwamba jioni mlikuwa mnakula njegere na nyama ya nguruwe, wewe ukasimama na uma mkononi, ukamwambia baba yenu, mzee wa kanisa, "Baba, leo nimeona Maandiko yakitimia kwa umeme!" Ukasema mstari wote kwa sauti ya mhubiri. Babu akatupa kijiko. "Kwenye meza yangu hutalifanyia Neno mzaha, we mtoto!" Na Mama akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Alikuwa amefurahi nalo lile somo," Mama alisema. "Alilirudia wiki nzima. Kila akigeuza chapati kwenye kikaango, wa kwanza atakuwa wa mwisho. Sasa ananiambia Ijumaa alisahau?"

Sijui niongeze nini, Mjomba. Tuna afya. Jibu.

Kerryn


Tipton, 15 Juni 2018

Mpwa wangu Kerryn,

Natumaini ngisi wenu wameoana salama. Huku jua limewaka, hali ambayo watu wa Tipton hawaiamini, wanalitazama kama wakala wa bima. Kombe la Dunia limeanza. Mume wa Bi Kaur anakuja kutazama mechi kwangu na kuniambia England tutafungwa, na najua atasikitika tukishinda. Miguu yangu imevimba kidogo. Wamenibadilishia dawa.

Nimekutumia kwa posta nakala yangu mwenyewe ya santuri, ile niliyopewa mwaka ule. Jalada limechakaa pembeni, lakini rangi zake za zambarau bado zinaumiza macho kama zilivyokusudiwa. Mpe mama yako.

Kuhusu swali lake, akili ya mzee ina matundu. Mzaha wa mezani naukumbuka kwa mbali, lakini huenda ulikuwa wa wiki nyingine, au wa santuri ya pili. Watu huunganisha mambo. Niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba shahidi wa miaka hamsini anapaswa kusikilizwa kwa heshima na kwa tahadhari.

Msalimie Brodie.

Clifford


Whyalla, 9 Julai 2018

Mjomba Cliff,

Wazima. Mvua kidogo. Brodie amefunguliwa bandeji.

Santuri imefika. Mama aliitazama ile picha yenu, ninyi wanne na mashati ya maua, akasema, "Horace maskini, kifungo kinakaribia kumtoka." Ameiweka juu ya kabati.

Barua nayo nilimsomea. Aliichukua mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. "Angalau itafaa kwa kitu," akasema. Kuanzia hapo meza haiyumbi.

Mjomba, nilitaka kukuandikia kwa hasira. Nilishaandika kurasa mbili nikazichana, kwa sababu kuna jambo limetokea. Tangu siku ile ya hedifoni Mama anavuma wimbo akiosha vyombo. Mdomo umefungwa, lakini sauti ipo. Nikiingia jikoni ananyamaza na kuanza kusugua sufuria iliyokwisha kusuguliwa. Mimi nasimama nje ya mlango, mwanamke wa miaka arobaini na tatu, nimevua viatu ili nisisikike.

Jana alinikuta pale. Hakunifokea. Alikausha mikono akaniambia, "Mwandikie. Mwambie hivi: sina kiboko, kwa hiyo sielewi anachoogopa. Nilijua pale pale uliponisomea. Ningeweza kukaa kimya tukazikana hivyo. Lakini nimechoka kulijua peke yangu."

Kisha akasema, "Na aniandikie mimi. Asijifiche nyuma ya mtoto wangu."

Kwa hiyo hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwako juu ya jambo hili. Mengine yote niandikie: dengu, bata, mpira. Hili si langu tena.

Kerryn


Tipton, 2 Agosti 2018

Noreen,

U mzima? Kerryn ananiambia unapanda paa. Mimi nimeshushiwa kitanda kikaletwa chini, sebuleni, kwa sababu ngazi zimenishinda. Kutoka hapa nauona mfereji. Ukame umeupunguzia maji, na kuna baiskeli ya mtoto imeonekana chini ya daraja, na watoto wanashindana nani ataingia kuitoa. Hakuna aliyeingia. Makaburini kwa Baba na Mama sijafika tangu Desemba, ila Bi Kaur amepita akaniambia nyasi zimekatwa. Anauliza kila mara wewe ni mtu wa namna gani. Nilimwambia ulimfukuza Horace studio nzima na pipa la taka alipokuita mama mkwe. Alicheka sana. Kisha akaniuliza mbona sina picha yako ukutani.

Huwezi kujua ni mara ngapi nimekuandikia barua hii kichwani. Nikiwa mwalimu niliwaadhibu watoto kwa kusema "imevunjika" badala ya "nimeivunja". Niliwasimamisha mbele ya darasa wakarudia sentensi. Nami barua yangu ya Aprili niliijaza "ilipotea".

Ulikuwa sahihi juu ya meza, njegere na kijiko. Ilikuwa Jumatatu ile ile.

Yapo mambo usiyoyajua bado. Alhamisi, ulipokuwa unaimba, Pargeter wa kampuni alikuwa amesimama nje kwenye ngazi. Alikuja kutukagua bila kutuambia. Alisikiliza wimbo wote kupitia mlangoni na hukumwona, maana ulitoka kwa mlango wa nyuma kuwahi basi. Aliniita. Nilikwenda nikijiweka sawa kola, nilijua nitasifiwa. Tangu nina miaka kumi na miwili nilikuwa nimejifungia chumbani na lile gitaa mpaka vidole vinatoka damu, na Baba akigonga ukuta nipunguze.

"Tromans," akasema, "yule binti ndiye bendi. Ninyi wengine ni viti na meza."

Akasema atarudi Jumatatu na mpiga picha. Wewe ukae mbele kwenye jalada, sisi tukusimamie nyuma. Nikacheka, nikamwambia, "Ni dada yangu huyo," kana kwamba nimekutengeneza mimi. Usiku ule nyumbani uliniuliza kama uliimba vizuri, nikakwambia si vibaya.

Ijumaa mchana Bwana Hodgetts alikwenda kununua samaki. Horace na wenzake walikuwa baa. Nilikuwa peke yangu na mashine. Niliigeuza tepu, nikachomeka gitaa, nikakaa. Sikuwa na haraka. Nilizitazama taa za njia zote nne. Maneno ya Hodgetts yalinijia, na yalinijia kwa sauti yangu mwenyewe, vile nilivyoyahubiri mezani na wewe ukicheka.

Nikabonyeza ya nne.

Tepu ikienda kinyume, mwisho wa wimbo ndio unaopita kwanza. Kwa hiyo ubeti wako wa mwisho ulitangulia kufa. Masikioni nilizisikia dramu zikijivuta kinyumenyume, na wewe kwa mbali ndani yake, unaimba kama lugha ya watu wasiokuwepo. Katikati ya wimbo nikaisimamisha mashine. Beti mbili za mwanzo zilikuwa bado zipo. Zilikuwepo kabisa, Noreen, salama. Ningeishia hapo, ningekuita jioni ile ile ukarudia nusu tu, nami ningeapa ni kosa, na lingekuwa nusu ya kosa.

Hodgetts aliporudi alisimama na samaki wake kwenye gazeti, akatazama ilivyokaa tepu, akatazama taa iliyokuwa inawaka. "Ulipewa somo Jumatatu," akasema. Nilimwambia nimesahau. Alikula amenipa mgongo, na tangu siku hiyo mpaka tunamaliza aliniita Bwana Tromans, si Cliff tena.

Jioni ulipanda ngazi mbili mbili, bado na ovaroli, ukauliza, "Wamesikia?" Nikasema wamesikia, hawakuitaka. Ulisema, "Haya," ukafunga kitambaa chako vizuri, ukauliza kama nitachelewa chakula. Jumatatu nilimwambia Pargeter kwamba Baba amekukataza. Mwaka uliofuata wewe na mumeo Vic mlipanda meli, na bandarini nilikubebea sanduku.

Hukuwa na kasoro. Nimetafuta miaka hamsini hata noti moja uliyoikosa, ili nipate cha kujitetea, na sikuipata.

Sikusahau, Noreen. Nilijua ni wewe uliyekuwa chini ya kidole changu. Niliisimamisha mashine, nikapangusa jasho la mikono kwenye suruali, nikabonyeza mara ya pili.

Cliff